Huduma Huanzia Nyumbani: Familia Zilizoitumikia Nairobi na Funzo kwa Sisi wa Pwani

Mtu wa Pwani anayefika Nairobi kwa mara ya kwanza huonyeshwa mapema sehemu mbili za katikati ya jiji. Ya kwanza ni Msikiti wa Jamia, apate kuswali. Ya pili ni Jeevanjee, apate kupumzika.

Bustani ya Jeevanjee iko kati ya Moi Avenue na Mtaa wa Muindi Mbingu, dakika chache kwa miguu kutoka msikitini. Ina ukubwa wa ekari tano hivi. Ukipita hapo saa ya mchana utakuta wafanyakazi wa ofisini wamejinyoosha nyasini, viatu pembeni. Utakuta wapiga picha, wahubiri wanaoshindana kwa sauti, na baraza la watu wanaojiita Bunge la Mwananchi wakibishana kuhusu bei ya unga na mwenendo wa serikali. Tajiri na maskini wanakaa kwenye benchi moja.

Wengi wanaokaa pale hawajui kwamba mwaka 1991 bustani hiyo ilikaribia kupotea. Na wachache zaidi wanajua kwamba waliosimama mbele kuitetea walikuwa mwanamke mmoja na mama yake: mjukuu na binti wa mtu aliyeitoa bustani hiyo kwa umma.

Kisa hicho kinatupeleka kwenye swali ambalo sisi wazazi tunajiuliza kila mara, hasa sisi tunaolea watoto mbali na kwetu. Kwa nini mtu mmoja huacha shughuli zake akaitumikia jamii, ilhali mwenzake, mwenye elimu na mali sawa na yeye, hufunga mlango akasema hayamhusu? Wahenga wetu walijibu zamani: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Lakini methali hutupa jibu bila kutueleza njia. Familia hufanyaje kazi hiyo hasa? Makala haya yanatazama visa vya Nairobi, kuanzia katikati ya jiji hadi mitaa ya upande wa magharibi, halafu yanarudi nyumbani Pwani.

Bustani ya babu

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856. Alifika Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1890, akafanya biashara na kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikitawala wakati huo, kisha akapata kandarasi za reli ya Uganda. Sisi wa Mombasa tuna sababu ya kumkumbuka hata kabla ya Nairobi. Mwaka 1902 gazeti lake, *African Standard*, lilianza kuchapishwa Mombasa. Aliliuza mwaka 1905, likahamishiwa Nairobi mwaka 1910, na ndilo hilo hilo tunalolisoma leo kwa jina la *The Standard*.

Nairobi ilipoanza kuota kando ya reli, Jeevanjee alikuwa miongoni mwa waliojenga majengo yake ya mwanzo, likiwemo soko. Mwaka 1906 aliutolea umma bustani, na ndani yake akasimamisha sanamu ya Malkia Victoria. Aliyeizindua ni mtoto wa malkia mwenyewe, Mtawala wa Connaught. Mwaka 1909 Jeevanjee aliteuliwa kuwa mtu wa kwanza asiyekuwa Mzungu katika Baraza la Kutunga Sheria. Alikitumia kiti hicho kupinga ubaguzi uliowazuia watu wasiokuwa Wazungu kumiliki mashamba katika nyanda za juu. Alifariki mwaka 1936.

Sasa ruka miaka 55. Ni mwaka 1991. Nchi ina chama kimoja, na anayepinga mipango ya wakubwa anajua hatari yake. Habari zinatoka kwamba pale Jeevanjee patajengwa jengo la ghorofa nyingi na maegesho ya magari. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, pamoja na mama yake Shirin Najmudean, binti wa marehemu, wakapaza sauti hadharani. Wananchi wakawaunga mkono, magazeti yakaandika, na mpango ukaachwa.

Hapa pana jambo la kuangalia kwa makini. Bustani haikuwa mali ya familia tena. Kama ingeuzwa, wao wasingepoteza hata shilingi, na ilipookolewa hawakupata hata shilingi. Walichokuwa nacho ni jina na kumbukumbu tu: kwamba babu alikitoa kitu hiki kwa watu wote, basi aachiwe nani akilinde? Kisheria hawakuwa na haki juu ya ardhi ile kuliko muuza karanga wa getini. Lakini mioyoni mwao walikuwa na deni.

Sisi Waislamu wa Pwani tunalielewa jambo hili haraka kwa sababu tunaijua wakfu. Mtu anayeweka shamba au nyumba wakfu anaitoa mikononi mwake, lakini watoto wake hawatoki katika jukumu la kuitazama. Wakfu usio na jicho la mtu huliwa. Tumeona kwetu makaburi yakimegwa na viwanja vya watoto vikizungushiwa mabati usiku. Mara nyingi hakukosekana hati. Alikosekana mtu wa kusema, "Hapa babu yangu alisema pawe pa watu wote."

Zarina Patel hakuishia bustanini. Alikwenda kutafuta habari za babu yake, akaandika kitabu juu ya maisha yake. Baadaye akaandika kitabu kingine kuhusu mtu ambaye hakuwa wa ukoo wake kabisa, naye ni Makhan Singh. Kazi iliyoanza kwa kumjua babu ikaishia kuwajua mashujaa wa nchi nzima.

Baba mwenye matbaa

Makhan Singh alizaliwa katika kijiji cha Gharjakh huko Punjab mwaka 1913. Baba yake, Sudh Singh, alitangulia kuja Nairobi mwaka 1920 akiwa fundi wa reli, na mtoto akamfuata mwaka 1927. Baba alikuja kuacha reli akafungua matbaa, na kijana akaingia kumsaidia.

Wengi wetu tungesema hapo riziki imeshapatikana. Baba ana biashara, mtoto ana kazi, kilichobaki ni kuoa na kujenga. Lakini matbaa ni mahali pa ajabu pa kulelewa. Huko mtoto hukutana na maneno ya watu, matangazo ya mikutano na malalamiko ya mafundi. Na baba mwenyewe alikuwa mtu aliyezijua shida za wafanyakazi wa reli kwa sababu aliwahi kuwa mmoja wao. Mwaka 1935 Makhan Singh akawa katibu wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi, na chini yake kikageuzwa kuwa chama kinachopokea wafanyakazi wa rangi zote.

Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni hapa Nairobi, alisimama akadai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata alikamatwa. Hakutoka kizuizini mpaka mwaka 1961. Ni miaka kumi na moja.

Miaka hiyo ina upande ambao hotuba za sikukuu hazituambii. Mtu akifungwa miaka kumi na moja, kuna mke anayebaki na watoto, naye ni Satwant Kaur. Kuna chakula cha kupika, karo ya kulipa na jirani wa kumjibu. Kila tunapomtaja mtu aliyejitolea kwa jamii, tuulize pia ni nani aliyekuwa nyumbani akiushika ukuta usianguke. Wengi wa hao majina yao hayapewi barabara wala shule.

Swali la kaka, neno la mama

Kabla ya Jeevanjee kutishiwa mwaka 1991, palikuwa na vita vingine umbali mfupi kutoka hapo. Mwaka 1989 ilijulikana kwamba ndani ya Uhuru Park pangejengwa jumba la ghorofa 60, makao ya chama tawala na gazeti lake. Profesa Wangari Maathai alilipinga. Alitukanwa bungeni, akasimangwa kwa talaka yake, akaambiwa mwanamke wa Kiafrika anatakiwa kuwaheshimu wanaume. Jumba halikujengwa. Leo ukipeleka watoto Uhuru Park siku ya Idi, unakanyaga nyasi alizozipigania.

Wangari alitoka wapi na moyo ule? Mwenyewe ameeleza katika kitabu cha maisha yake. Alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Mama yake alimkataza kuokota kuni katika mti wa mugumo, akimweleza kwamba huo ni mti wa Mungu, haukatwi wala hauchomwi. Mtoto hakupewa somo la mazingira. Alipewa amri ya nyumbani, fupi, yenye heshima ndani yake. Alipokuwa mtu mzima akajifunza sayansi, ndipo alipofahamu kwamba mizizi ya miti ile ilikuwa ikishika udongo na kulinda chemchemi.

Na kuna kisa cha pili, kidogo kuliko cha kwanza, lakini kwangu ndicho kikubwa. Wakati ule wasichana wachache walipelekwa shule. Kaka yake, Nderitu, alimuuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama akafikiri, akaona hakuna sababu. Basi akapelekwa. Fikiri, ndugu msomaji. Swali moja la kijana kwa mama yake jikoni, na jibu la mama asiyejua kwamba analijibu taifa. Mwaka 1977 binti yule alianzisha harakati za Ukanda wa Kijani. Mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kupata Tuzo ya Amani ya Nobel. Alifariki Septemba 2011. Upande wa magharibi wa jiji, katika bewa la Kabete la Chuo Kikuu cha Nairobi, kuna taasisi ya amani na mazingira yenye jina lake. Na binti yake, Wanjira Mathai, ameendelea na kazi ya mazingira.

Uchungu wa mzazi unapokuwa wa wote

Si kila mtu huingia katika huduma kwa kufundishwa. Wengine husukumwa na uchungu.

Mwishoni mwa Februari 1992, kundi la akina mama, wengi wao wazee kutoka mashambani, walikwenda Uhuru Park wakaanza kugoma kula. Watoto wao walikuwa gerezani kwa sababu za kisiasa. Miongoni mwao alikuwa Monica Wamwere, mamake Koigi wa Wamwere. Wangari Maathai alikaa pamoja nao. Tarehe 3 Machi askari waliwavamia kwa virungu na gesi, na Wangari akapigwa mpaka akapoteza fahamu. Baadhi ya wale wazee wakavua nguo mbele ya askari. Katika mila zao hiyo ni laana nzito, mama kumwonyesha uchi wake mtu wa umri wa mwanawe.

Hawakutawanyika. Walihamia Kanisa la All Saints, lililo hapo karibu, wakakaa karibu mwaka mzima. Mwanzoni mwa mwaka 1993 karibu wafungwa wote waliokuwa wakiwadai walikuwa wameachiliwa.

Tazama jinsi mambo yalivyokwenda. Kila mama alikuja na mtoto wake mmoja moyoni. Alipokaa na wenzake, usiku baada ya usiku, akajua kwamba dua yake ni ile ile ya jirani yake. Mwisho wa safari hawakuwa wakidai mtoto wa fulani, walikuwa wakidai haki. Kona ile ya Uhuru Park inaitwa Freedom Corner mpaka leo.

Westlands, Jumamosi ile

Tarehe 21 Septemba 2013, magaidi walivamia jumba la maduka la Westgate, Westlands. Watu 67 waliuawa. Sote tunakumbuka tulikuwa wapi tuliposikia. Na sisi Waislamu tunakumbuka zaidi, kwa sababu wauaji walidai kuua kwa jina la dini yetu.

Abdul Haji alipata ujumbe wa simu kutoka kwa ndugu yake aliyenaswa ndani. Alikuwa mfanyabiashara, mwenye bastola yenye leseni. Baba yao, Mohamed Yusuf Haji, alikuwa mtumishi wa serikali wa miaka mingi, aliyewahi kuwa mkuu wa mkoa na waziri wa ulinzi, na wakati huo alikuwa seneta wa Garissa. Abdul alikwenda Westgate kwa ajili ya ndugu yake. Lakini alipoingia alikuta akina mama na watoto asiowajua wamelala chini ya meza na nyuma ya kaunta. Hakuwaruka kwenda kumtafuta wa kwao. Pamoja na askari wachache wasiokuwa na sare na raia wengine wa kujitolea, walikwenda duka kwa duka wakiwatoa watu. Picha ya mtoto wa kike wa kigeni akimkimbilia mtu huyu, Muislamu wa Kisomali mwenye bastola mkononi, ilizunguka dunia nzima. Ilisema neno ambalo masheikh wetu walikuwa wakilisema siku ile lakini halikusikika.

Jirani na Westgate kuna kituo cha jamii ya Oshwal, watu wenye asili ya Bara Hindi. Siku zile kiligeuzwa kuwa mahali pa kuwapokea waliookolewa na familia zilizokuwa zikitafuta watu wao. Waliojitolea walipika, wakagawa chai na maji, wakakaa na waliokuwa wakilia. Kituo kama kile hujengwa kwa ajili ya harusi, maombi na vikao vya jamii moja. Lakini kwa kuwa kilikuwepo, na watu wake walizoea kupika pamoja kwa ajili ya mamia, siku ya msiba kikawa cha Wakenya wote.

Kibera na mpira mmoja

Tusije tukadhani kwamba ni lazima nyumba iwe na jina, mali au utulivu ndipo itoe mtu wa kufaa. Kibera, kusini magharibi mwa jiji, Kennedy Odede alitoka nyumbani akiwa na umri wa miaka 10 kwa sababu ya umaskini na vurugu za humo ndani, akaishi mitaani. Mwaka 2004, akifanya kazi ya kiwandani yenye malipo madogo, alinunua mpira wa senti 20 za dola, akawakusanya vijana. Huo ndio ukawa mwanzo wa SHOFCO, shirika ambalo baadaye lilifungua shule ya wasichana, zahanati na miradi ya maji safi. Mwaka 2018 shirika hilo lilipata tuzo ya kimataifa ya Hilton kwa huduma za kibinadamu.

Odede amesimulia mara nyingi kwamba aliyempa moyo ni mama yake, Jane Achieng, mwanamke aliyejali watu wa mtaa wake hata pale alipokuwa hana kitu. Basi hata nyumba iliyovunjika inaweza kumpa mtoto urithi, ikiwa ndani yake yuko angalau mtu mmoja anayegawa kidogo alichonacho mbele ya macho ya mtoto.

Familia hufanyaje kazi hii?

Tukiviweka visa hivi pamoja, tunaona mambo manne.

La kwanza ni kumbukumbu. Mtoto anayejua nani alichimba kisima cha mtaa, nani alitoa kiwanja cha msikiti na nani aliyesomesha watoto wa watu bure, hukua akijua kwamba vitu vya umma vina historia na vina mwenyewe. Asiyejua hayo huviona vitu hivyo kama vimeota tu, na kilichoota chenyewe mtu hakioni uchungu kikikatwa.

La pili ni mfano. Mtoto hasikii sana tunayosema, huangalia tunayofanya. Makhan Singh aliona baba anayejua shida za mafundi wenzake. Odede aliona mama anayegawa. Baba anayemwambia mtoto asaidie watu, na huku yeye anampita jirani mgonjwa akiangalia simu, amefundisha masomo mawili, na mtoto atalishika la pili.

La tatu ni ruhusa. Wangari alihitaji mama akubali aende shule. Wako vijana wengi wenye nia njema wanaozuiwa na neno moja la nyumbani: "Mambo ya watu yaache." Na wako wengine wanaosukumwa mbele na neno moja pia: "Nenda, mwanangu, mimi nitabaki na watoto." Huduma ina gharama, na gharama hiyo hulipwa na nyumba nzima. Nyumba isiporidhia, anayehudumu hachukui muda kuchoka.

La nne ni kupanuka kwa udugu. Akina mama wa Uhuru Park walianza na watoto wao, Abdul Haji alianza na ndugu yake. Mapenzi ya familia ndiyo yaliyowafikisha mlangoni, lakini hayakuishia mlangoni. Mtu aliyemlilia mtoto wake anaijua sauti ya mama mwingine anayelia.

Pale familia inapokuwa kikwazo

Haki itendeke, tuseme na upande wa pili. Familia hiyo hiyo inayomlea mtumishi wa watu inaweza kumlea mlaji wa mali ya watu. Nchi hii tumeona majina yakirithishwa vyeo kama vile ni nyumba na shamba. Tumeona kazi za kaunti zikigawiwa binamu na mashemeji, na basari za mayatima zikienda kwa watoto wa wenye nazo. Ukiuliza unajibiwa kwamba mtu hawezi kuwasahau watu wake.

Tofauti iko wapi basi? Kipimo ni chepesi. Uliza nani anafaidika. Familia ya Jeevanjee ilipopigania bustani, aliyefaidika ni mtu yeyote anayepita Moi Avenue akiwa amechoka. Familia inayopigania kiti ili mikataba ibaki ndani ya ukoo inajitumikia yenyewe, hata ikitoa mbuzi na mchele kila Ramadhani. Kuhudumia watu wako si dhambi, dini imetuamuru kuanza na wa karibu. Lakini kuanza si kumaliza. Anayeanza kwa ndugu akaishia kwa ndugu hajatoka nyumbani bado.

Na sisi wa Pwani?

Sisi si wageni wa jambo hili. Mombasa tulikuwa na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891. Baba yake, mwanachuoni mkubwa, alifariki mtoto akiwa mdogo, na akalelewa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, aliyekuwa kadhi. Ukoo uliziba pengo la baba. Matokeo yake ni mtu aliyeona elimu haitoshi kukaa msikitini peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 aliandika na kuchapisha magazeti, likiwemo *Al-Islah* la mwaka 1932, akiwaambia watu wa Pwani wasomeshe watoto, wakiwemo wasichana, na waamke na zama. Baadaye akawa Kadhi Mkuu. Alifariki mwaka 1947. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, alikuwa na umri wa miaka 14 hivi tu, lakini akaja kuwa sauti ya Afrika katika vyuo vya dunia. Alipofariki mwaka 2014 alirudishwa Mombasa kuzikwa katika makaburi ya ukoo wake.

Lakini mimi sitaki tumalizie kwa kujisifu. Nataka niseme juu yetu sisi tulioko Nairobi leo, Kawangware na Kangemi, Kileleshwa na Lavington, tuliokuja kwa kazi tukakaa. Jamaa wa Pwani huku bara tunajua kukusanyika. Mtu akifiwa, simu zinapigwa, michango inatoka, gari la kusafirisha maiti linapatikana kabla ya Laasiri. Harusi vile vile. Hiyo ni neema, na wengine wanatuonea wivu.

Ila tujiulize: watoto wetu wako wapi wakati tunafanya hayo? Mara nyingi tunawaacha nyumbani na runinga. Tunachanga kwa simu, hawaoni. Tunakwenda kuzika, tunawaambia wana masomo. Halafu wakifika miaka 20 tunashangaa kwamba hawajui shangazi ni nani, wala hawaoni sababu ya kutoa.

Na jambo la pili. Tunakusanyika kwa ajili yetu, lakini mtaa tunaoishi tunauona kama kituo cha basi. Mitaro ikiziba si yetu, shule ya msingi ya mtaa ikiunguliwa bati si yetu, kwa kuwa "kwetu ni Pwani". Jeevanjee alikuwa mtu wa Karachi aliyepitia Mombasa, na Makhan Singh alikuwa mtu wa Punjab. Hawakusubiri warudi kwao ndipo wafanye la kufaa.

Basi tuanze na yale tunayoyaweza. Ukienda kumtazama mgonjwa, nenda na mtoto mmoja. Ukitoa mchango, mpe mtoto autie mkononi mwa mpokeaji. Jumamosi mtaa ukisafisha, toka na vijana wako hata kama majirani watashangaa kumwona Mswahili na koleo. Na siku ukimpeleka mwanao mjini, baada ya kuswali Jamia, mpitishe Jeevanjee. Ndani ya bustani kuna sanamu ya mzee mwenyewe. Mwonyeshe, umwambie: huyu alitoa mahali hapa, na walipotaka kuyachukua, binti yake na mjukuu wake walikataa.

Halafu mnunulie karanga, mkae kwenye benchi. Akikuuliza kwenu nani alitoa nini, uwe na jibu. Na kama huna, mpigie bibi simu Mombasa hapo hapo, umwulize yeye akiwa anasikia.